Barazani, dawatini au mahakamani: ukipigwa nyumbani uanzie wapi?

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, korosho ziko ghalani na kila nyumba inasubiri malipo. Mama mmoja alibisha hodi kwangu hapa Masasi, mkoani Mtwara, baada ya magharibi, kanga ameivuta hadi puani. Nilimkaribisha mkekani. Kabla ya kusema lolote akatoa bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye mikunjo, akanimiminia barua tatu: moja ya mtendaji wa kijiji, moja ya shehe, moja ya wazee wa ukoo wa mumewe. Zote tatu zilisema jambo lile lile, kwamba mume ameonywa na ameahidi kujirekebisha. Kati ya barua ya kwanza na ya tatu ilipita miaka miwili na jino moja la mbele.

"Dada, nimekwenda kote," akaniambia. "Hakuna sheria inayomlinda mwanamke."

Ukweli ni kwamba hakwenda kote. Alikwenda mahali pa aina moja mara tatu. Humo mote hamkuwa na karatasi ya hospitali wala ya polisi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi yetu inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma tunayotoa ni bure. Kosa ninaloliona kuliko yote, kutoka Nanyumbu hadi Tandahimba, ni la mwanamke kugonga mlango mmoja akitaka kitu ambacho mlango huo hauna. Anakwenda polisi akitaka matunzo ya watoto. Anakwenda barazani akitaka ulinzi wa usiku ule ule. Anafungua shauri la talaka akidhani mume atafungwa. Akikosa, anarudi nyumbani akiamini sheria haipo. Ndiyo maana naiweka milango hii sambamba, ili ajuaye shida yake ajue pa kuanzia.

Sheria ipo, ila imetawanyika

Tanzania Bara hatuna sheria moja inayosimama peke yake kuhusu ukatili wa majumbani. Uganda wanayo tangu 2010, Kenya tangu 2015, na hata ng'ambo ya mto Ruvuma tu hapo, Msumbiji, walitunga ya kwao mwaka 2009. Kwetu ulinzi umegawanyika: kipande kimo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, kipande kwenye Kanuni ya Adhabu, kingine kililetwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kingine kiko kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Nasema wazi kwamba hili linawaumiza wanawake. Aliyepigwa usiku hana nguvu ya kukusanya vipande asubuhi.

Hata hivyo jambo moja limeandikwa pasipo kupindapinda. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kimekuwepo tangu 1971. Kwa hiyo anayekwambia kwamba mume ana ruhusa ya "kumrudi" mkewe kidogo, awe mzee, kiongozi wa dini au askari, anasema jambo lililokataliwa na sheria zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Wajomba na wazee

Siwezi kuuruka mlango huu, maana ndio wa kwanza kwa karibu kila mtu huku. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo ulihesabiwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya ndoa ya mpwa wake. Pale ambapo desturi hiyo bado hai, ni ngao kweli. Nimewaona wajomba wakimchukua mpwa wao na watoto usiku, wakamweka kwao miezi sita, mume asithubutu kusogea. Nyumba salama za kupokea wanawake wanaokimbia kipigo ni chache sana nchini, kwa hiyo nyumba ya mjomba ndiyo nyumba salama tuliyo nayo wengi wetu.

Upungufu wake ni kwamba kikao cha ukoo hakina nguvu ya kumlazimisha mtu, na maneno yake hayamfungi asiyetaka kufungwa. Tena kikao cha upande wa mume mara nyingi kinamalizika kwa kumpa mke mawaidha. Utumie ukoo kwa mahali pa kulala, chakula na mtu wa kukusindikiza, ila usiupe kazi ya kuhukumu.

Baraza la usuluhishi la ndoa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea.

Sheria ya Ndoa inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kufungua shauri la talaka. Baraza laweza kuwa la kata, au la jumuiya ya dini ambayo wote wawili ni waumini wake: Bakwata kwa Waislamu, kanisa kwa Wakristo. Wanaitwa wote wawili, wanasikilizwa, wanajaribiwa kupatanishwa. Ikishindikana, baraza linatoa cheti kinachosema hivyo. Cheti hicho ndicho ufunguo wa mahakama, na kina uhai wa miezi 6 tu. Ukikiweka kabatini mwaka mzima utarudishwa ukaanze upya.

Baraza halina mahabusu, halitoi adhabu, halina askari wa kulinda mlango wako. Kwa ugomvi wa maneno, au mume asiyeleta hela ya matumizi, usuluhishi unafaa na nimeuona ukiponya ndoa. Kwa kipigo ni jambo jingine. Mwanamke aliyevunjwa mkono hana "mgogoro" wa kusuluhishwa, ametendewa jinai. Kumketisha kwenye benchi moja na aliyemvunja, aambiwe aeleze "na yeye alimkosea nini", ni kumwumiza mara ya pili. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo na nimetoka nje kuvuta pumzi.

Lakini huwezi kulipuuza baraza kama mwisho wa safari unaoutaka ni talaka. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililosikilizwa hapa Mtwara, ilifuta mwenendo wa shauri la talaka kuanzia chini kwa sababu lilifunguliwa bila cheti sahihi cha baraza. Miaka ya kwenda na kurudi mahakamani ilipotea kwa karatasi moja. Ukipewa barua na baraza, isome papo hapo: je, inasema baraza limeshindwa kuwapatanisha? Kama inasema tu kwamba "wamefika na wameonywa", bado hujapata cheti.

Kuna hali ambazo sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila baraza. Mume amekutelekeza na hajulikani aliko. Mume yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, jambo la kawaida kwetu tunaopakana na Msumbiji. Ameitwa na baraza akakataa kufika kwa makusudi. Amefungwa miaka 5 au zaidi. Au mahakama imeridhika kwamba kuna mazingira ya pekee yanayofanya kwenda barazani kusiwezekane. Hilo la mwisho ndilo la kumweleza hakimu kama kukaa chumba kimoja na mtu huyo ni kuhatarisha uhai wako.

Tahadhari moja ndogo. Cheti cha baraza huandikwa kwenye fomu ambayo nayo huitwa Fomu Namba 3, na polisi nao wana PF3, fomu yao ya kumpeleka aliyeumia hospitali. Nimekutana na wanawake waliotumwa kuleta "fomu namba tatu" wakaleta isiyo yake. Uliza: ya baraza au ya polisi?

Dawati la Jinsia na Watoto

Huu ndio mlango wa jinai. Vituo vingi vya polisi sasa vina Dawati la Jinsia na Watoto, na mara nyingi utahudumiwa na askari wa kike, mahali palipotengwa na kaunta ya watu wote. Ukifika unaandikisha maelezo, unapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na kama umeumia unapewa PF3 ya kwenda nayo hospitali. PF3 hailipiwi. Ukiwa umeumia vibaya, anzia hospitali. Matibabu ya dharura hayasubiri karatasi, fomu itakufuata. Na kama umeingiliwa kwa nguvu, fika hospitali kabla ya saa 72 hazijaisha, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi ndani ya muda huo tu. Usioge wala usifue nguo kabla hujapimwa.

PF3 ni karatasi moja, lakini ndiyo inayoamua uzito wa kesi. Daktari anaandika humo aina ya jeraha na ukubwa wake. Shambulio la kudhuru mwili lina kifungo cha hadi miaka 5. Madhara makubwa, hadi miaka 7. Tofauti hiyo inaanzia kwenye sentensi mbili za daktari. Kwa hiyo mwonyeshe kila kitu, hata michubuko iliyo chini ya kanga. Wengi wetu tumefundwa unyagoni tusitoe siri za ndani. Nyakanga wangu mwenyewe, mama aliyenifunda, aliniambia hivyo na ninamheshimu hadi leo, lakini siri aliyoikusudia haikuwa mbavu zilizovunjika.

Sasa mabaya ya mlango huu, maana sitaki mtu aingie akiwa amefumba macho.

La kwanza ni dhamana. Mume akikamatwa asubuhi, anaweza kuwa nje jioni, kwa sababu makosa haya yana dhamana. Wanawake wengi hawaambiwi hili. Wanalala fofofo wakidhani yuko ndani, kumbe anabisha hodi. Kabla hujaandikisha maelezo, panga utalala wapi siku tatu zinazofuata, na mwombe askari wa dawati akuarifu akitoka.

La pili ni shinikizo la kufuta kesi. Litakuja, na litakuja kupitia watu unaowapenda: mama mkwe atalia, watoto watauliza baba yuko wapi. Msimu wa korosho linakuja kwa nguvu zaidi, kwa sababu malipo yanaingia benki kwenye akaunti ya mume na akiwa ndani nyumba haina hela. Sheria yenyewe inaruhusu mahakama kuhimiza mapatano kwenye mashambulio madogo ya watu binafsi. Ruhusa hiyo haihusu pale ulipoumizwa vibaya, na hakuna mwenye haki ya kukulazimisha kusamehe.

La tatu ni kurudishwa. Mimi nimeshamsindikiza msichana kwenye kituo kimoja tukaambiwa "mambo ya ndani mkayamalize nyumbani". Tulikaa. Tukaomba kuonana na mkuu wa kituo. Tukapata RB saa nane mchana. Nenda na mtu, na ukigomewa omba kumwona mkuu. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri pia anaweza kukushika mkono hapo.

Na ule usemi kwamba mke hawezi kumtolea mumewe ushahidi? Si kweli kwa kesi hizi. Aliyepigwa na mumewe anaruhusiwa kusimama kizimbani na kueleza.

Kitu ambacho jinai haikupi ni makazi, matunzo na mali. Mume akihukumiwa, mahakama yaweza kuamuru akulipe fidia, lakini mikorosho inabaki kwa jina lake. Hilo ni la mlango unaofuata.

Mahakama, kwa upande wa ndoa

Shauri la ndoa laweza kufunguliwa hata Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, karibu na kwenu. Unaweza kuomba talaka au kutengana. Wengi hawajui kutengana kwa amri ya mahakama kupo, nami naona ndiko kunakofaa zaidi kwa mwanamke ambaye hajawa tayari kuvunja ndoa lakini anataka kulala salama. Talaka haiombwi kabla ndoa haijatimiza miaka 2, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama mtu akiwa kwenye taabu isiyo ya kawaida. Ukatili, wa mwili na wa akili pia, umetajwa kwenye sheria kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika.

Hapa ndipo unapopata amri ya zuio: mahakama inaweza kumkataza mume au mtalaka wako kukufuata na kukusumbua. Ila amri hiyo inatolewa shauri la ndoa likiwa linaendelea au likiisha. Huwezi kwenda kuiomba yenyewe tu, siku hiyo hiyo, kama majirani zetu wenye sheria maalumu wanavyoweza. Hapo ndipo pengo lilipo, na ndilo ninalolilalamikia kila nikipata nafasi ya kusema mbele ya wabunge wetu.

Kuna sababu nyingine ya kufikiria kutengana, na inauma kuiandika. Kwa sheria yetu, mume akimwingilia mkewe bila ridhaa, si kosa la kubaka wakiwa wanaishi pamoja. Linakuwa kosa wakiwa wametengana. Kwa mwanamke anayepitia hilo, kutengana kunabadilisha hali yake mbele ya Kanuni ya Adhabu.

Mali: tangu kesi ya Bi. Hawa Mohamed mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Mchango unahesabiwa kwa fedha, mali au kazi. Kwa hiyo uliyepalilia, ukaokota, ukaanika na kubeba magunia hadi chama cha msingi, ushirika wetu wa wakulima, una hoja, hata kama shamba limesajiliwa kwa jina la mume. Unahitaji vithibitisho tu: daftari la chama, risiti za salfa ya kupulizia mikorosho, jirani aliyekuona ukipulizia. Mume akianza kuuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama, usiku ili zisionekane kwenye hesabu za chama, andika tarehe na idadi ya magunia. Na nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa yako.

Hamkufunga ndoa? Mkikaa pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawatambua kuwa mke na mume, sheria inadhania kwamba mmeoana. Hata dhana hiyo ikivunjwa, bado waweza kuomba matunzo yako na ya watoto.

Watoto

Matunzo ya mtoto hayahitaji talaka, wala ndoa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Atamwita baba, watakubaliana kiwango, na akikaidi suala linakwenda mahakama ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto. Kwa mtoto chini ya miaka 7 sheria inaanza na dhana kwamba ni heri akae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa. Mtoto akiwa ndiye anayepigwa, namba 116 ni bure.

Kwa hiyo yupi aanze wapi?

Kama una jeraha la leo, dawati na hospitali kwanza, hata kama hutaki mume afungwe. Huu ni msimamo wangu na sijaubadilisha kwa miaka yote. Baraza litakuwepo mwezi ujao, mahakama itakuwepo mwakani, lakini uvimbe hautakuwepo wiki ijayo. PF3 ile ile itakusaidia baadaye kwenye talaka, hata kesi ya jinai isipofika mbali.

Kama hakuna kipigo ila kuna kutelekezwa na njaa, anzia ustawi wa jamii au barazani. Polisi hapo watakuchosha bure.

Kama umeshaamua kuondoka moja kwa moja, fanya yote mawili kwa wakati mmoja: jinai ikiendelea dawatini, wewe unatafuta cheti cha baraza au unajiandaa kumweleza hakimu kwa nini umelivuka. Hakuna sheria inayosema lazima moja ingoje nyingine, japo makarani wengine watakwambia hivyo.

Na kama bado unaishi naye na hujaamua lolote, weka nakala za cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto na risiti za chama kwa mtu mwingine. Dada yako, jirani, mimi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa tangu walipofikisha miaka 15. Utakayempa bahasha hiyo hatashangaa kama unavyoogopa.

Yule mama wa bahasha ya kaki alilala kwangu. Asubuhi tulikwenda dawatini pamoja. Jino lilikuwa la zamani, lakini wiki ile alikuwa amekabwa, na alama za vidole zilikuwa bado shingoni. Daktari alizipima kwa rula akaziandika. Mume alipata dhamana siku ya pili, kama nilivyomwambia, lakini mama alikuwa ameshahamia kwa mjomba wake Nachingwea. Baraza lilimwita mume mara mbili, hakufika. Mama alichagua kutengana, si talaka, na amri ya zuio anayo. Mgawanyo wa mikorosho bado unasikilizwa. Mara ya mwisho hakimu alitaka kuona daftari la chama cha msingi, na ndani yake, kwenye safu ya waliopeleka magunia ya msimu wa mwaka juzi, kuna jina lake mara kumi na moja.